Jina Lililotoka Kwenye Mkebe wa Kakao

Sinywi kakao. Nikiandaliwa na wenyeji husema tumbo langu haliipendi, uongo mdogo ambao nadhani Mungu amekwisha kuuzoea. Ukweli ni kwamba ile harufu hunitia hofu. Kuna wanaoogopa mbwa na kuna wanaoogopa radi. Mimi, mtu mzima mwenye watoto, naogopa kinywaji cha watoto.

Mwezi uliopita tulimzika Mama. Siku chache baada ya matanga nilikuwa chumbani mwake Matisi, hapo pembeni mwa mji wa Kitale, nikitenga nguo za kugawa na za kuhifadhi, ndipo nikaukuta mkebe juu ya kabati, nyuma ya vyombo vya wageni. Ulikuwa mkebe wa kakao wa bati, ule mkubwa, kifuniko kimeshikwa na kutu. Nikakibandua kwa mpini wa kijiko. Miaka yote hiyo, na bado ulinukia. Nilijikuta nimeketi kitandani nikiwa na umri wa miaka tisa, masikio yametegwa kusikia kama majirani wameanza sala ya jioni.

Kanisa letu lilikuwa dogo, la mbao na mabati, na lilikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Uchaguzi ukiisha na matokeo yakishatangazwa, Jumapili iliyofuata majina ya viongozi wapya yaliandikwa kwenye vikaratasi, kuanzia rais, wabunge wa pande za Kitale na Bungoma, hadi madiwani. Vikaratasi vilikunjwa vikatiwa katika mkebe huo, na kila nyumba ikamtuma mtoto mmoja mbele akachukue jina. Mtoto, kwa sababu wazee walisema mkono wa mtu mzima una siasa. Jina lililowaangukia lilikuwa la nyumba yenu mpaka uchaguzi mwingine, na mlimwombea mwenye jina kila jioni kabla ya kula. Kubadilishana kulikatazwa kabisa.

"Ukipata mwenye unampenda, omba," Pasta alisema Jumapili ile. "Ukipata mwenye humpendi, omba mara mbili. Hapa si soko, ati utachagua nyanya."

Kisha akatupa mfano. Kiongozi, alisema, ni fahali. Nguvu zake amepewa na Mungu, lakini fahali akiachwa bila kamba ataingia kwa mahindi ya watu. "Sala yako ndiyo kamba yake. Ukiiachilia, usikuje kuniuliza mahindi ilienda wapi."

Watu wazima walicheka wakasema Amina. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemwona fahali wa Mjomba Wekesa alipokata kamba. Kwa dakika chache tu alilaza nusu ya shamba la jirani, na mtu mmoja akavunjwa mkono. Kwa hiyo nilimwelewa Pasta kama nilivyomwelewa mwalimu wa hesabu. Kila nyumba ilikuwa inakwenda kushika kamba, na mwisho wa kamba ile, huko mbali, ulikuwa umefungwa shingoni mwa mtu mwenye gari na bendera.

Majina yalitoka nyumbani kwetu. Baba alifanya kazi Webuye kwenye kiwanda cha karatasi, akirudi mwisho wa mwezi na vipande vilivyokatwa pembeni, na Mama alikuwa katibu wa akina mama kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Jumamosi tuliketi mezani, mimi nikikata vipande kwa wembe, yeye akiandika na kuimba kwa sauti ya chini. Mwandiko wake ulikuwa mwepesi, kalamu haikusikika. Alipofika kwenye jina moja akaacha kuimba.

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Sijui kama ni heshima au ni woga uliobaki. Alikuwa mbunge mpya wa upande wa mlimani, mtu wa sauti nzito, na wakati wa kampeni alisimama juu ya lori akasema wageni wajue njia waliyojia. Wageni wenyewe walikuwa watu kama Mjomba Wekesa, ndugu wa pekee wa Mama, aliyelima vitunguu na ndizi kwenye miteremko ya mlima Elgon juu ya Kimilili, katika shamba ambalo baba yao alilinunua kabla Mama hajazaliwa. Mama aliandika majina yake yote matatu akikandamiza kalamu mpaka plastiki ya meza ikabaki na alama. Akakikunja kile kikaratasi, akakitupa mkebeni kama mtu anayetupa mende.

Kesho yake nilikwenda mbele kwa niaba ya nyumba yetu. Mzee wa kanisa alikuwa ameushika mkebe juu kidogo ya macho yangu, harufu ya kakao inanijia usoni. Niliingiza mkono, nikashika kikaratasi, na kabla sijakitoa nikajua. Kidole kilipita nyuma ya karatasi kikakuta maandishi yamevimba kama makovu. Ningekiachilia nikachukua kingine, lakini mzee alikuwa ananitazama, na nyuma yangu watoto walikuwa wanasukumana. Nikakitoa.

Sikuogopa kwamba Mama angenichapa. Niliogopa kwamba hangeweza. Nilimjua, angepiga magoti, angefungua mdomo, na jina lingemkwama kooni. Jioni ya kwanza kamba ingelegea, na yule fahali alikuwa hatua chache tu kutoka kwa ndizi za Mjomba.

Ibada ilipoisha nilimvuta Chebet nyuma ya tangi la maji. Chebet alikuwa rafiki yangu wa damu na jirani yetu. Kwao asili ni mlimani, baba yake alitengeneza baiskeli hapo Matisi, na kati ya uwanja wao na wetu kulikuwa na ua wa michongoma wenye tundu tulilolipanua wenyewe kwa kupitapita. Alikuwa amekwisha kufungua chake.

"Mimi nimetoa diwani," alisema. "Ule wa tumbo."

Nikamwonyesha changu. Alitoa macho.

"Woi! Huyu ni mkubwa, bana. Baba alimpigia kura."

"Chukua basi. Nipee diwani."

"Ati nichukue? Si Pasta amesema hakuna kubadilisha?"

"Hakuna mwenye ataona."

"Na Mungu?"

Mungu sikuwa nimemfikiria. "Mungu anataka tu aombewe," nikasema. "Hajali ni nyumba gani." Chebet aliridhika na jibu hilo kuliko mimi.

Nyumbani Mama alikifungua kikaratasi polepole. Alipoona jina la diwani alitoa pumzi ndefu, kisha akacheka mpaka akajifuta machozi. "Huyu? Huyu tutamwombea hata apunguze tumbo." Kuanzia jioni ile tulimwombea diwani kwa furaha, na nadhani hakuna diwani aliyewahi kuombewa vizuri hivyo kwa kazi ndogo kama ile.

Raha haikunifikia. Kila jioni, kabla ya sala yetu, nilijifanya nakwenda kufunga kuku, nikachuchumaa kwenye tundu la michongoma. Baba yake Chebet aliomba kwa lugha yao, na sikuelewa kitu, lakini majina ya watu hayana tafsiri. Nilingoja mpaka niyasikie yote matatu. Nikiyasikia nilirudi ndani nikala kwa amani. Siku nikichelewa, niliuacha ugali nusu. Kesho yake nilimfuata Chebet mpaka msalani shuleni.

"Jana mlimwombea?"

"Tulimwombea."

"Majina yote?"

"Nekesa, si uniache jamani! Baba hajawahi kosa hata siku moja."

Nyinyi wa rika langu mliokulia pande zile mnakumbuka jinsi mambo yalivyobadilika bila mtu kututangazia sisi watoto. Watu wazima walianza kunyamaza tukiingia. Redio ilipunguzwa sauti. Baba alipokuja mwisho wa mwezi alimwambia Mama asikanyage Kimilili kwa sasa, na Mama akauliza kwa nini, naye akaniangalia mimi badala ya kumjibu. Barabarani tulianza kuona watu waliobeba magodoro wakitoka upande wa mlima, na hawakuwa wanahama kama watu wanavyohama, kwa mipango na kelele. Walitembea kimya, akina mama wamebeba sufuria zenye chakula ambacho hakijaiva.

Kisha yakafika kwetu. Jioni moja vijana, na hawa walikuwa vijana wa kwetu, nawajua mpaka leo, walirusha mawe juu ya paa la kina Chebet, kwa kuwa wao walikuwa watu wa mlimani kama yule mbunge. Sala haikuisha. Nilikuwa palepale kwenye michongoma. Nilisikia jina la kwanza na la pili, halafu mabati yakalia, mtoto mdogo akapiga kelele, na jina la tatu halikuja. Mama alitoka na mwiko mkononi akawafokea wale vijana hadi wakakimbia. Aliporudi ndani nikaona kwamba alikuwa ameaibika.

Asubuhi pikapu ilikuja. Walipakia magodoro, vyuma vya baiskeli, kuku waliofungwa miguu. Mama alimpitishia mama yake Chebet viazi vitamu vya moto kupitia lile tundu letu, vimefungwa kwa karatasi za Baba, na wale wanawake wawili walishikana mikono juu ya miiba. Mimi nilizunguka mbio mpaka kwenye pikapu.

"Chebet! Mtaendelea kumwombea?"

Alikuwa amekaa juu ya mzigo, amevaa nguo ya kanisa siku ya kazi. "Karatasi iko ndani ya Bibilia," alisema. "Na Bibilia iko chini ya magodoro. Sijui." Akaanza kulia. Gari likaondoka, nami nikabaki nikilihesabu lile jambo kwa akili yangu ya darasa la tatu: kamba imepakiwa kwenye pikapu, imelaliwa na magodoro, na hakuna mkono ulioishika.

Wiki mbili hazikuisha, tukaona moshi kwenye miteremko. Ulikuwa mwembamba na wa mbali, ungedhani watu wanachoma magugu kabla ya kulima. Kanisa letu likajaa. Watu walilala juu ya mabenchi na chini yake, na kila siku Mama alipeleka uji, akapita kutoka familia hadi familia akiuliza swali lilelile kwa Kibukusu, nani amemwona Wekesa, Wekesa wa vitunguu, mwenye pengo hapa mbele. Hakuna aliyemwona. Mmoja alisema nyumba za upande ule zimeisha zote. Mama alimshukuru, akaendelea kugawa uji, na nikaona kikombe kinagongagonga mdomo wa ndoo.

Mimi nilijua Mjomba alipo. Alikuwa amekufa, na aliyemwua ni mimi. Nilijaribu kurekebisha, nilijificha kwenye mahindi nyuma ya choo nikamwombea yule mbunge mara kumi mfululizo, lakini nilijiona kama mwizi anayefunga mlango baada ya kuiba. Jina halikuwa letu. Nililigawa kwa mkono wangu. Niliacha kula, na Mama akadhani ni malaria.

Jioni ya tatu tangu tuuone moshi, alikuwa anasonga ugali. Sikupanga kusema, maneno yalitoka yenyewe.

"Mama, mimi ndiye nimemwua Mjomba."

Mwiko ulisimama. Nikamweleza yote, maandishi yaliyovimba, tangi la maji, diwani, pikapu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta kigoda akaketi, uso wake ukawa usawa mmoja na wangu. Nilifumba macho nikingoja kofi.

"Nani aliandika hilo jina?" aliuliza.

"Ni wewe."

"Na unajua niliomba nini nikiliandika? Niliomba lisikuje kwangu. Mimi, katibu wa akina mama. Nikasema, Mungu, wape wengine huyu, mimi siwezi." Aliusogeza mwiko pembeni. "Ukaniletea diwani. Nikashukuru, Nekesa. Nikashukuru ati nimesikiwa."

"Na Mjomba?"

"Mjomba wako hawezi kuuawa na karatasi. Nyumba zinachomwa na watu wazima, wako na kiberiti na wako na akili zao. Toa hiyo kitu kwa roho yako, mwanangu. Haikuwa yako kubeba."

Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nimeyatamani kwa wiki mbili, na yalinipita. Nilikuwa na swali moja tu. "Lakini sasa ni nani anamshika?"

Mama alizisogeza kuni. Alitazama moto. Kisha akanishika mkono tukapiga magoti pale jikoni, kati ya kuni na debe la maji.

"Baba yetu uliye mbinguni," alianza, "tunamleta mbele yako mtumishi wako..." Akanyamaza. Nilisikia anavuta pumzi, anaishika, anaiachilia. Alijaribu tena akafika palepale. Mara ya tatu akasema, "Sema wewe."

Nikasema. Niliyataja majina yote matatu, nikaomba apewe hekima, nikaomba asiingie kwa mahindi ya watu. Nikamaliza, nikangoja. Kwetu sala isiyoitikiwa ilikuwa kama barua isiyo na stempu, na nilikuwa na haja kubwa kuliko siku zote ya kusikia Amina ya Mama. Nilifumbua jicho moja. Alikuwa ameuma mdomo wa chini, machozi yanamtoka, anatikisa kichwa taratibu. Akainuka, akarudi kwenye sufuria. Ugali ulikuwa umeungua, tukala hivyohivyo.

Mjomba Wekesa alikuja siku ya tano tangu moshi ule. Alitokea njia ya Kibomet na mke wake na watoto, amevaa gambuti zisizolingana, amebeba redio isiyo na betri. Mama alimshika uso kwa mikono miwili akamgeuza huku na huku kama anayekagua kama vyote vipo. Nilijificha nyuma ya mlango.

"Na huyu mbona ananiogopa?" aliuliza.

"Anaona haya," Mama akasema, na siri yetu ikafungwa hapo.

Hakurudi mlimani. Alipanga chumba Kibomet akawa anabeba mizigo ya watu, yeye aliyekuwa na fahali. Kina Chebet pia hawakurudi. Nyumba yao ikapangishwa, tundu la michongoma likajiziba. Nimemtafuta Chebet ukubwani bila mafanikio, na sababu ninayowaambia watu ni urafiki. Kuna nyingine. Mimi nilipata mama wa kuniambia kwamba haikuwa yangu kubeba. Sijui kama Chebet, juu ya yale magodoro, alidhani ni yeye aliyeachilia kamba, na aliyemkabidhi kamba ile ni mimi. Hilo bado linaninyima raha.

Yule mbunge alimaliza vipindi vyake, akazeeka, akafa kitandani mwake akazikwa kwa hotuba nyingi. Habari ilipotoka redioni nilikuwa nimekuja kumtembelea Mama. Aliisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nataka chai. Miaka yote hiyo hatukuwahi kuitaja tena ile jioni ya jikoni.

Basi mwezi uliopita nilifungua mkebe. Ndani kulikuwa na vifungo, uzi mweusi, wembe wa kizamani, na chini kabisa kikaratasi kimoja cha Webuye, kimegeuka rangi. Upande mmoja lilikuwa jina la diwani wetu wa tumbo. Nikakigeuza. Upande wa pili, kwa mwandiko wa Mama, yalikuwepo yale majina matatu. Karatasi ya kwanza ilikuwa imeondoka na Bibilia ya kina Chebet. Hii aliiandika upya, sijui lini, labda wiki ileile, labda baada ya miaka kumi. Pembe zake zilikuwa zimelainika kwa kushikwashikwa.

Nilipitisha kidole juu ya karatasi, kama siku ile mbele ya mzee wa kanisa. Hakikukwama popote. Nikapitisha tena, polepole. Alikuwa ameyaandika kwa mkono wake mwepesi, kama alivyoandika majina ya wengine wote.

"Amina," nikasema kwa sauti.

Binti yangu akauliza kutoka jikoni naongea na nani. Nikamwambia naitikia sala ya nyanya yake.